Duka la Makopo Matupu

Watu wakiniuliza nilifundisha somo gani miaka ile ya wanajeshi, nawajibu kwamba nilikuwa na duka. Hucheka, wakidhani nawatania. Sitanii. Nilikuwa na duka upande wa nyuma ndani ya darasa la sita, katika shule ya msingi iliyokuwa chini ya kilima cha Mbuya, Kampala, na ndani yake hapakuwa na kitu hata kimoja cha kutia kinywani. Lilikuwa duka la makopo matupu, na nusura linipeleke kaburini.

Mtaala ulisema tuwafundishe watoto nchi yao na jinsi inavyohusiana na dunia. Haya, vizuri. Kitabu kilikuwa kimoja, na kurasa zake za katikati zilikuwa zimenyofolewa na mtu aliyekosa karatasi ya kufungia sukari, enzi sukari ilipokuwapo. Ramani ilishaliwa na mchwa. Nikamwendea mkuu wa shule nikamwuliza, dunia nzima hii niifundishe kwa kutumia nini? Akaniambia nitumie busara.

Mkuu wetu alikuwa mtu mpole, mwoga kupita kiasi, na simlaumu. Mwalimu mwenzetu wa hesabu alitolewa darasani na wanaume wenye miwani ya jua, wakamtia kwenye buti ya gari mchana kweupe, watoto wanatazama dirishani. Koti lake lilibaki kwenye kiti, katika chumba cha walimu. Hakuna aliyelitoa. Kuliondoa ni kusema harudi, na kulivaa ni balaa. Tukawa tunakunywa chai yetu kavu huku koti linatutazama.

Basi nikaitumia hiyo busara. Niliichora dunia ukutani kwa mkaa, na bahari nikazipaka buluu ya kufulia nguo. Mafundi wa Katwe, wale wanaogonga mabati kutwa kucha mpaka unasahau jina lako, walininyooshea misumari mizee nikaipigilia kwenye miji na bandari. Nyuzi nilimwomba mama. Sisi ni Wanubi. Babu zetu waliletwa nchi hii na bunduki ya Mwingereza begani, na wanawake wakaja na sindano zao. Kwetu hakuna nyumba isiyo na nyuzi za kudarizi za kila rangi. Mama alinung'unika kwamba nyuzi ni za mashuka ya maharusi, si za kuchezea na watoto wa watu, lakini alinipa. Alinipa hata zile nyekundu alizozificha.

Sheria ya duka ilikuwa nyepesi. Kila mtoto alete kutoka kwao kitu kilichokwisha: kopo, chupa, pakiti, kiberiti, hata karatasi ya sabuni. Tunavipanga kwenye rafu. Anayetaka kununua anasimama mbele na kuchagua, lakini halipi pesa. Analipa njia. Aseme kitu kile kilitengenezwa wapi, kilipita wapi, mikononi mwa nani, na sisi tulitoa nini ndipo kikatufikia. Akiweza, anafunga uzi kutoka msumari wa Uganda mpaka msumari wa huko, na kopo linakuwa lake, aende nalo nyumbani akachotee maji. Akikwama, kopo linarudi rafuni, naye anakwenda kuuliza watu.

Na waliuliza kweli. Wakawa wadadisi wa kutisha. Waliwafuata madereva wa malori, makuli wa reli, wanawake wa sokoni, mapadri, mashehe. Baba mmoja askari polisi alikuja kunilalamikia kwamba mwanawe hamwachi anywe chai mpaka amweleze kikombe kimetoka nchi gani. Nikamwambia pole, na kikombe je, kimetoka wapi? Akacheka, akaondoka.

Wavivu nao walikuwapo. Mtoto anasimama na kopo la samli mkononi, anaulizwa limetoka wapi, anajibu, "Dukani." Hapo darasa zima linapiga dawati pamoja, pa! na kuuliza kwa sauti moja: "Na duka ilitoa wapi?" Kiswahili chao kilikuwa cha kambini na cha barabarani, nami nilijaribu kukinyoosha siku za mwanzo, halafu nikaacha. Swali lenyewe lilikuwa limenyooka. Mvivu anacheka, anajikuna kichwa, anaanza upya. Mchezo huo waliupenda mpaka wakawa wanaucheza uwanjani, na njiani wakirudi makwao.

Darasa lile lilikuwa na watoto wa kila namna. Wa askari na polisi kutoka kaskazini, wa mafundi, wa wachuuzi, Waislamu na Wakristo kwenye dawati moja. Kiingereza kilikuwa cha kuandika daftarini. Kuulizana tuliulizana kwa Kiswahili, maana ndicho kilichotukutanisha. Na niseme hili, kwa sababu bado linaniuma: nilikokaa mimi, Nateete, kati ya wasema Luganda, nikifungua mdomo wangu sokoni wanawake walinyamaza. Wakisikia Kiswahili walidhani ni mke wa mwanajeshi amekuja kunyang'anya. Mimi! Lugha niliyoipata kwa mama yangu, wenye bunduki wameichukua wakaifanya kelele ya kutishia watu. Ndiyo maana darasani kwangu nilitaka Kiswahili kifanye kazi nyingine. Kiulize.

Mwaka ule mambo yalikuwa yamebana. Redio ilisema kila asubuhi kwamba tumejikomboa, tumewafukuza wageni, hatumhitaji mtu yeyote duniani. Mimi nilikuwa naisikia nikiwa kwenye foleni ya chumvi, najiuliza, ikiwa hatumhitaji mtu, foleni hii ni ya nini? Maduka ya Wahindi waliofukuzwa, yaliyogawiwa wakubwa, yalikuwa na rafu tupu kuliko ya kwangu. Halafu mpaka wa mashariki ukafungwa, malori yakasimama, na watoto wakaanza kuja mikono mitupu. Hata kitu kilichokwisha hawakuwa nacho tena, kwa kuwa hapakuwa na kilichonunuliwa kikaisha.

Siku moja msichana mmoja aliniuliza kama tukate nyuzi za Kisumu na Mombasa, maadamu mpaka umefungwa. Lilikuwa swali la akili, na mkuu wa shule alikuwa anapita kwenye baraza. Nikapandisha sauti makusudi. Nikamwambia hapana, mtu kusimama katikati ya njia hakuifanyi njia isiwepo. Uzi hautakatwa. Mkuu akaongeza mwendo.

Sasa nimseme binti wa afande.

Baba yake alikuwa ofisa mkubwa, walikaa juu kilimani, kwenye nyumba ambayo wenyewe walifukuzwa wakaacha hata mapazia. Aliletwa kwa gari la jeshi na kuchukuliwa kwa gari la jeshi. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye akili, na wenzake walimkwepa. Si kwamba walimchukia. Waliambiwa na mama zao, ukigombana naye tutakwisha. Kwa hiyo hakuna aliyegombana naye, na hakuna aliyecheza naye. Miezi yote hiyo hakuwahi kuleta kitu dukani.

Asubuhi moja akaja na kopo. Loo, kopo lile! Jekundu, linang'aa, lina picha ya farasi na nyumba iliyofunikwa theluji. Aliliweka mezani pangu kwa mikono miwili, na liliposhuka likatoa sauti nzito. Nikalitikisa. Lilikuwa limejaa biskuti.

Nikamwambia kwa upole kwamba hapa tunaleta vilivyokwisha, mwanangu, alirudishe nyumbani alilete likiisha.

"Kwetu haliishi, Mwalimu," akasema. "Likikaribia kwisha baba analeta lingine."

Hakujisifu. Ungemwona uso wake ungejua. Alikuwa amelitafuta kopo tupu nyumba nzima akalikosa, akadhani ndivyo ilivyo kwa watu wote, kwamba sisi tuna bahati ya kuwa na vitu vinavyokwisha. Darasa lilimkodolea macho. Wengi wao walikuwa wamekuja na tumbo la chai ya mchaichai tu.

Mwalimu mwenye akili timamu angelirudisha lile kopo kwenye gari lililolileta. Mimi nililiweka rafuni, katikati ya matupu. Sheria ni sheria, nikasema, nani atalilipa? Akasimama mwenyewe. Nikamwuliza limetoka wapi. Akasema, "Dukani." Darasa likasita, kila mtu alikuwa anamfikiria afande, baba wa binti. Nikawatazama. Nikapiga meza mimi, pa! Ndipo wakauliza, kwanza wachache, kisha wote: "Na duka ilitoa wapi?" Yule mtoto alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone anacheka, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza wenzake wamfanyie mchezo. Lakini hakujua jibu. Akarudi kukaa, kopo likabaki.

Lilikaa pale limejaa, na watoto wenye njaa wakipita mbele yake kila siku. Hakuna aliyeligusa. Wakati wakubwa wa nchi wanabeba mpaka vitasa vya milango ya watu, watoto wangu wa darasa la sita hawakugusa biskuti ambayo hawajailipa. Najivunia jambo hilo kuliko cheti chochote.

Baadaye kidogo binti akanyoosha mkono. Alikuwa amepata njia. Alimwuliza baba yake mezani, na baba yake, akiwa ameshiba na amefurahi, akamweleza. Akasimama mbele, kopo kifuani, akaanza kulipa, vizuri kabisa, kama nilivyowafundisha.

"Limetengenezwa Ulaya. Limekuja na ndege mpaka Entebbe. Ndege inakwenda na magunia ya kahawa yetu, inarudi na biskuti na pombe na redio za maafande. Baba anakwenda kuzipokea."

 Nje nilisikia mpishi anakwaruza sufuria. Kila mtu mzima wa Kampala alikuwa anajua habari za ndege hizo, na hakuna aliyezitamka hata akiwa peke yake chooni. Hapa mtoto amezisema mbele ya ukuta, zimenyooka, na uzi mwekundu mkononi anasubiri nimwambie amefaulu.

Kabla sijapata la kusema, mvulana mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Kahawa ya nani?" Huyu alikuwa mtoto wa mama muuza mkaa, na bibi yake alikuwa mkulima upande wa Masaka. Binti akasema hajui. Mvulana akasema bibi yake ana mibuni, magunia yamechukuliwa, kila akienda kuuliza pesa anaambiwa asubiri. Hana sabuni, hana chumvi, anasubiri. Alisema bila hasira, anafikiri tu, kama mtu anayefanya hesabu. Halafu akanigeukia.

"Mwalimu, basi kopo hili ni la bibi yangu?"

Wote wakanitazama, na binti akiwemo.  Nililiona akilini lile koti kwenye kiti. Nilikuwa na njia nyingi za kuponyoka: ningesema hilo ni swali gumu, ningesema kengele inakaribia, ningesema wafungue daftari. Lakini watoto hawa niliwafundisha mimi kuuliza mpaka mwisho, sasa wamefika mwisho nianze kuwazuga?

"Ndiyo," nikasema. "Ni la bibi yako."

Binti akaufunga uzi, kutoka Entebbe mpaka Ulaya. Kopo lilikuwa lake kwa sheria, lakini hakulichukua. Mvulana naye hakulichukua. Likarudi rafuni, na somo likaisha.

Maneno yalifika majumbani kabla hata mimi sijafika Nateete. Asubuhi yake mkuu wa shule aliniita, akafunga mlango na dirisha, jasho linamtoka. Akanisihi nipake ukuta chokaa siku hiyo hiyo, nitupe makopo, nimrudishie afande kopo lake na barua ya kuomba radhi. Nikamwuliza niombe radhi kwa kosa gani, kwa mtoto kujua jibu? Akanionyesha kwa kidole chumba cha walimu.

"Unataka liwe koti la pili?" akasema.

Nilitoka. Nilikuwa naogopa, nisidanganye.  Ila ndani ya woga ule mlikuwa na hasira iliyouzidi kimo. Nilichoka. Nilichoka kunong'ona, nilichoka kuwaona watu wazima wanaangalia viatu vyao. Mjomba wangu, polisi mstaafu aliyenilea baba alipofariki, alikuja nyumbani jioni hiyo na mpango tayari: kuna mtu wake Busia, mpakani, atanivusha kwa njia za panya, niondoke kabla hawajaja. Mama alishaanza kunifungia nguo. Mjomba aliniambia wazi kwamba nikirudi shuleni nikaukuta ule ukuta na nisiupake, nitachukuliwa, na wanaochukuliwa hawarudi. Nikamwambia nikikimbia, watoto watajua kwamba nilichosema ni uongo, au ni kweli isiyofaa kusemwa, na sijui lipi baya zaidi. Akaniita kichwa ngumu. Akaniambia nimerithi kwa mama yake. Kisha akakaa, akaomba maji.

Asubuhi nikaenda shule na kitenge changu kizuri. Nilijiambia, potelea mbali, wakinitia kwenye buti wanitie nimevaa.

Afande alikuja siku ile ile, yeye mwenyewe, na askari wawili akawaacha mlangoni. Mwili mkubwa, viatu vinang'aa. Watoto wakasimama. Binti yake naye akasimama, mahali pake, hakusogea. Mkuu wa shule alibaki nje kwenye baraza, anafuta uso.

Alitembea taratibu mpaka kwenye ukuta, akazitazama nyuzi. Akashika ule mwekundu kwa vidole viwili.

"Wewe mwalimu. Hii kitu iko nini hapa?"

Nikamjibu kwamba ni somo, limo katika mtaala wa serikali: nchi yetu na dunia. Nilimjibu kwa Kiswahili cha mama yangu, pole pole, kila neno na haki yake, nikaona kimemkera. Akaniuliza nani amenituma. Nikasema wizara. Akaniuliza kama nadhani yeye ni mjinga. Nikasema hapana, afande, kwani baba wa mtoto mwenye akili kama huyu atakuwaje mjinga? Hakujua kama nimemsifu au nimemtukana, na mimi pia sikuwa na hakika.

Akaiendea rafu, akalitwaa lile kopo jekundu, akageuka kuelekea mlangoni. Sasa, sijui ni shetani gani aliyenipanda. Nilikuwa ninaweza kunyamaza. Angeondoka na kopo lake, huenda tungepona sote na yangeishia hapo. Nilijikuta nimesimama mbele yake.

"Afande," nikasema, "hapa kitu hakitoki bila kulipiwa njia. Watoto wanangoja useme kimetoka wapi."

Wale askari wawili walisogea. Yeye akawaonyesha mkono watulie, akatabasamu, tabasamu la mtu anayepanga utakavyolia. Aliwatazama watoto. Alimtazama na binti yake, ambaye alikuwa amemweleza kila kitu mezani, kwa kinywa chake, siku chache tu nyuma. Akacheka kidogo.

"Imetoka dukani," akasema.

Wallahi sikuwapa ishara. Mkono wangu ulikuwa umeshika meza. Lakini walikuwa wamecheza mchezo ule mwaka mzima, na jibu lile lilikuwa na swali lake. Sauti ya kwanza ilitoka dawati la pembeni, nyembamba, peke yake, na ilikuwa ya binti yake. Hakumdharau, hakumkebehi baba. Aliuliza tu, na dawati akalipiga kwa kiganja, pa!

"Na duka ilitoa wapi?"

Wengine wakaitikia, darasa zima, watoto wa askari na wa wauza mkaa: "Na duka ilitoa wapi?"

Nimeona watu wakipigwa wasiumie kama alivyoumia yule mtu.  Kisha akatoka na kopo lake kwapani, na alipopita mlangoni akawaambia askari neno moja, nao wakaja kunichukua. Sikuruhusu wanikokote. Nilitembea mwenyewe, kitenge changu kimenyooka, na darasa lote limesimama.

Sitasimulia yote ya kule waliponiweka. Nitasimulia la chai. Aliyenihoji alikuwa na gilasi ya chai mbele yake, na kila aliponiuliza ni nchi gani ya nje inayonilipa, alikuwa anakoroga. Anauliza, anakoroga. Sukari! Mji mzima hauna sukari, watoto wanasahau ladha yake, na huyu anakoroga mpaka kijiko kinalia. Nikamwuliza ile sukari kaipata wapi. Alinipiga kofi ambalo sikio hili la kushoto halijalisahau hadi leo. Lakini hakuikoroga tena mbele yangu, na mimi nikahesabu huo kuwa ni ushindi wangu.

Mjomba ndiye aliyenitoa. Alizunguka ofisi zote akitafuta vijana aliowafundisha gwaride zamani, mpaka akampata mmoja ambaye bado alikuwa na haya. Nikatolewa kwa mlango wa nyuma, nimekonda, nanuka, mzima. Mama aliponiona alikaa chini hapo hapo. Mjomba akanikumbusha Busia. Nikaoga, nikalala, na kulipokucha kweli kweli nikafunga kilemba kufunika sikio, nikaenda shule.

Mkuu wa shule aliniona langoni akashika kifua, kama mtu aliyeona maiti amekuja kazini. Akaniambia nimekwisha mwaga unga, jina langu limeondolewa, niende nyumbani. Nikamwomba kipindi kimoja tu cha kuwaaga watoto. Hakukubali wala hakukataa. Nikapita.

Darasa lilikuwa jeupe. Ukuta umepakwa chokaa nzito, misumari imeng'olewa, rafu imevunjwa kuni. Kopo hata moja halikubaki. Walikuwa wameyatupa shimoni nyuma ya vyoo wakayawasha moto. Watoto walinyanyuka wakanisalimu kwa sauti ndogo. Dawati la binti lilikuwa tupu. Wakaniambia hajaonekana tangu siku ile. Hapo ndipo nilipoumia. Kofi halikuniuma, kuta za kule hazikuniuma, lakini dawati lile liliniuma, nikageukia ubao nisilie mbele ya watoto.

Nilikuwa bado nimewapa mgongo niliposikia mlango. Alikuwa yeye. Hakukuwa na mlio wa gari nje. Amekuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi jekundu la kilima, anahema. Chini ya sweta alikuwa ameficha kitu. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja dawati la mbele, kwa mvulana wa muuza mkaa, akalitoa lile kopo, akaliweka mbele yake, akalifunua. Ndani kulikuwa na chenga tu.

"Limekwisha," akasema.

Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kunitoa. Aliona kopo, akamwona mtoto, akaniona mimi. Akatazama nyuma, kwenye baraza. Kisha akauvuta mlango, akaufunga taratibu, yeye akabaki nje kuulinda. Mtu yule mwoga. Sijamsahau.

Binti akaenda kusimama mbele ya ukuta mweupe. Nikamwuliza, kama sheria inavyotaka, limetoka wapi.   Akaweka kidole mahali ambapo Ulaya ilikuwa, na sote tulipajua. Akakivuta juu ya chokaa, chini, chini, juu ya bahari ambayo haikuwapo tena, mpaka Entebbe. Akasema ndege. Akasema biskuti na pombe. Akasema baba yake anakwenda kuzipokea. Akasema magunia ya kahawa. Hapo akasimama, na darasa likapiga dawati, kwa upole, kwa ncha za vidole, nje wasisikie.

"Na kahawa ilitoka wapi?"

Akageuka kutoka ukutani. Akamnyooshea kidole yule mvulana.

"Kwa bibi yake."

Nikamwambia akae, amelipa.